MKANDA WA PICHA ULIOKAA MIAKA ZAIDI YA 30 BILA KUSAFISHWA

Mwezi huu hatuna hadithi ya sungura na fisi. Tuna habari ya kweli iliyotokea hapa hapa kambini kwetu Tungue. Inahusu bibi mmoja, kamera kuukuu na mkanda wa picha ambao haujawahi kusafishwa. Ndani yake liko pia kosa letu wenyewe, nalo tutalisema bila kulificha. Someni na watoto mpaka mwisho.

KAMERA ILIVYOFIKA SHULENI

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Msichana mmoja wa darasa la tano alikuja na mfuko wa plastiki ameukumbatia kama mtu aliyebeba mayai. Ndani yake mlikuwa na kamera nzito, nyeusi na rangi ya fedha, imeandikwa Praktica. Watoto wakaizunguka. Hawa wamezoea simu, basi maswali yakaanza: "Mwalimu, kioo chake kiko wapi? Picha inaonekana wapi? Inachajiwa vipi?"

Mmoja wetu akaipokea, akaigeuza, akaweka kidole pale pa kufungulia mgongo. Msichana akapiga kelele: "Bibi amesema msifungue! Ndani mna picha!"

Kidole kikarudi. Tukatazama kile kidude kidogo cha juu kinachohesabu picha. Kilikuwa kimesimama kwenye 31.

Jioni tukaenda kwa bibi mwenyewe. Tukampa shikamoo, akatukaribisha mkekani, akatueleza kisa chake.

Mume wake alikuwa miongoni mwa vijana wa Msumbiji waliokwenda kufanya kazi viwandani Ujerumani ya Mashariki. Wakubwa wanakumbuka mambo haya, vijana tuwaeleze. Mkataba kati ya nchi mbili ulitiwa saini Februari 1979, na katika miaka iliyofuata walikwenda vijana zaidi ya 15,000. Sehemu ya mshahara ilikatwa kwa ahadi kwamba wangelipwa wakirudi nyumbani. Ukuta wa Berlin ulipoanguka mwaka 1989 na nchi ile ikaungana na wenzake mwaka 1990, wengi wakarudishwa. Ndio hao walioitwa Madgermanes, ambao kwa miaka mingi waliandamana Maputo kudai haki yao.

Mume wa bibi alirudi mwaka 1990 na redio, pikipiki na kamera hii. Mwaka 1991 akaanza kupiga picha kijijini, kando ya ghuba yetu ya Tungue. Mkanda ulikuwa wa picha 36, akapiga 31. Bibi akamwambia peleka mjini ukasafishwe. Akajibu kwamba mkanda haujaisha, kuupeleka hivyo ni hasara, zimebaki picha tano. Nani kati yetu wakubwa hajawahi kusema hivyo? Basi ukakaa unasubiri picha tano. Mwaka 1993 mzee akashikwa na homa, akafariki. Bibi akaifunga kamera kwenye kanga, akaiweka sandukuni.

Ikaja tarehe 24 Machi 2021, Palma ikashambuliwa. Hatuna haja ya kueleza, kila nyumba ya kambi hii ina yake. Kabla ya kukimbia, bibi na mwanawe walichimba shimo uani, wakafukia dumu lenye hati za kuzaliwa, cheti cha ndoa na kamera. Albamu ya picha ilibaki ukutani kwenye rafu. Nyumba ikaungua, na albamu nayo ikaungua.

Mwaka 2023 mjukuu mkubwa alirudi akafukua. Hati zilikuwa zimelowa na kushikamana. Kamera ilikuwa imetoka ukungu kwenye ngozi yake, lakini ilikuwa nzima.

"Sina picha yake hata moja," bibi akatuambia. "Wajukuu wananiuliza, babu alikuwaje? Nasema alikuwa mrefu. Wananiuliza tena, na sura? Nasema alikuwa mrefu. Basi, nimeishia hapo."

MKANDA SI KAMA SIMU

Ndugu wasomaji, kabla hatujaendelea tuelezane mkanda wa picha ni kitu gani, maana watoto wetu hawajauona.

Mkanda ni utepe wa plastiki uliopakwa jelatini. Ndani ya jelatini mna punje ndogo sana za chumvi za fedha, yaani fedha ile ile ya pete na vikuku, lakini katika hali ya chumvi. Mwanga ukizigusa, zinabadilika kidogo. Badiliko hilo halionekani kwa macho. Picha inakuwa imeshaingia lakini imejificha, kama mbegu iliyo ardhini. Dawa ya kwanza huzigeuza punje zilizoguswa na mwanga kuwa fedha nyeusi. Dawa ya pili huziondoa punje zilizobaki, ili mkanda uweze kutolewa mwangani bila kuharibika. Hapo ndipo tunasema umesafishwa.

Sasa shida iko hapa. Kwa simu ukikosea unapiga tena. Mkanda husafishwa mara moja tu. Ukifungua kamera mchana, umekwisha. Ukikosea dawa, umekwisha. Na hata usipokosea, joto, unyevu na miaka vinakuwa vimeshakula sehemu yao. Huku kwetu pwani joto na unyevu ndio hewa tunayovuta!

Tulimwambia bibi ukweli huo. Tukamwambia pia kwamba iko njia ya kuupeleka Dar es Salaam au Maputo kwa mafundi wenye vyombo vizuri. Akatikisa kichwa. "Wanangu, vitu vyangu vingi nimeviacha njiani. Hiki hakitoki machoni pangu."

Hatukumlaumu. Nani wa kambi hii angemlaumu?

Mwalimu mmoja akatoa mfano wa kututia moyo. Mwaka 1897 watu watatu wa Sweden, kiongozi wao S. A. Andrée, waliruka kwa puto wakitaka kufika Ncha ya Kaskazini. Puto likaanguka kwenye barafu, wakatembea miezi kadhaa, wakafia katika kisiwa cha mbali. Mwaka 1930, yaani miaka 33 baadaye, miili yao ilikutwa pamoja na mikanda yao ya picha. Fundi mmoja wa Stockholm, John Hertzberg, alifanya kazi taratibu na kwa uangalifu mkubwa. Katika picha 240 akaokoa 93. Leo dunia inaona puto lile limelala ubavu kwenye barafu, na watu wawili wamesimama wakilitazama.

Bibi akasikiliza, akauliza: "Wao walikuwa kwenye barafu?" Tukasema ndiyo. Akasema: "Mimi nilikuwa kwenye mchanga." Tukacheka, lakini alikuwa amesema kweli. Barafu hutunza, joto huharibu.

MZEE WETU NA DAWA INAYOITWA "HAIPO"

Kambini kwetu yupo mzee mmoja ambaye ujanani alifanya kazi kwenye studio ya picha Mtwara. Siku hizi anashona viatu. Tulipomwonyesha kamera alifuta mikono kwenye suruali kabla ya kuishika.

Jambo la kwanza alilofanya ni kuurudisha mkanda ndani ya kibweta chake bila kufungua kamera. Akabonyeza kitufe cha chini, akainua kile kishikio kidogo cha juu, akazungusha polepole sana, sikio lake likiwa karibu na kamera. Alisema mkanda wa zamani hukauka ukawa kama jani kavu, ukivutwa kwa nguvu unakatika. Akazungusha, akapumzika, akazungusha. Mara akasikia umelegea. Hapo ndipo alipofungua.

Kibweta kikatoka kimeandikwa ORWO NP 22. Mzee akatabasamu. Hiyo ni mikanda iliyotengenezwa Wolfen, huko huko Ujerumani ya Mashariki, na ni ya picha nyeusi na nyeupe. Tukauliza kwa nini anatabasamu. Akasema fedha ni mvumilivu kuliko rangi. Mikanda ya rangi hupauka upesi zaidi, na dawa zake ni ngumu. Iko hata mikanda ya rangi ambayo dawa zake hazifanyiwi kazi tena, kama Kodachrome. Maabara ya mwisho duniani iliyokuwa ikiisafisha, huko Kansas, Marekani, iliacha kupokea mikanda hiyo mwisho wa mwaka 2010.

Ikaja habari ya dawa. Mzee akasema dawa ya pili tutakayohitaji inaitwa haipo.

Tukamuuliza: "Mzee, kama haipo tutaipata wapi?"

Alicheka mpaka akakohoa. Kumbe ndivyo mafundi wote wa studio walivyokuwa wakiita zile chembechembe nyeupe kama chumvi ya mawe! Binamu wa mwalimu mmoja anafanya biashara kati ya Mtwara na Dar es Salaam. Tukachanga, akatafuta kwenye duka la kemikali. Wiki tatu tukasubiri. Nusu kilo ikafika imefungwa kwenye gazeti.

Dawa ya kwanza hatukuipata. Lakini mmoja wetu alikuwa amesoma kwamba mwaka 1995 wanafunzi wa mwalimu Scott Williams, katika chuo cha teknolojia cha Rochester, Marekani, walisafisha mkanda kwa kahawa. Ndiyo, kahawa ya kunywa, ile ya unga wa kopo, ikichanganywa na soda ya kufulia. Baadaye watu wakaongeza vitamini C ikawa na nguvu zaidi. Mzee alikataa kabisa. "Nimesafisha picha miaka kumi na tano, sijawahi kuzipikia kahawa."

Tukakubaliana tufanye jaribio. Mkanda wa aina hii una ulimi unaochomoza nje ya kibweta. Sehemu hiyo hupigwa na mwanga tangu siku ya kuuweka kwenye kamera, kwa hiyo haina picha. Mzee alikuwa ameuacha nje kwa makusudi. Tukakata kipande kidogo kama ukucha, tukakitumbukiza kwenye kikombe cha kahawa na soda. Dakika ya kwanza, kimya. Dakika ya tatu kikawa kijivu. Dakika ya nane kikawa cheusi tititi.

Mzee akakitazama kile kipande muda mrefu. Akasema: "Haya. Nunueni kahawa."

USIKU WA KAZI

Mkanda wa namna hii hauoni tofauti ya taa nyekundu na nyeupe. Zile taa nyekundu za studio mnazoziona kwenye sinema ni za karatasi za picha, siyo za mkanda. Unahitaji giza kabisa, giza ambalo hata mkono wako huuoni. Katika kambi ya maturubai giza hilo halipatikani kirahisi.

Tulichagua stoo ya shule. Mchana bati zake zina matundu ya misumari ya zamani, ukitazama juu unadhani nyota. Kwa hiyo tukangoja usiku wa mwezi mwandamo, tukaziba mlango kwa mablanketi matatu. Tukamwarifu kiongozi wa mtaa na walinzi, tukawaomba wasimulike tochi upande ule. Wenye nyumba za jirani walizima taa zao wenyewe.

Maji nayo yalikuwa shida. Dawa inataka maji ya baridi kiasi, nyuzi 20 hivi, la sivyo jelatini inalainika na kuteleza kama ngozi ya embe bivu. Maji ya bomba letu yalikuwa nyuzi 29. Bibi akaleta mtungi wake wa udongo. Maji yaliyolala mtungini tukayapima kwa kipimajoto tulichoazima, yakawa nyuzi 24. Mzee akasema yatatosha, atapunguza muda.

Hatukuwa na chombo cha kufungia mkanda. Mzee akatumia njia ya zamani: unashika ncha mbili za mkanda, unaupitisha ndani ya beseni ukiupandisha na kuushusha, mkono huu ukipanda huu unashuka. Mkanda una urefu kama wa mtu mzima. Mwalimu mmoja alikaa nje na saa, akigonga ukuta kila dakika. Ndani walikuwa mzee na wawili kati yetu.

Dakika ya kwanza ikagongwa. Ya pili. Harufu ya kahawa na soda ikajaa, jasho likatutiririka. Mzee hakusema neno, tulisikia maji tu, chubwi, chubwi.

Dakika ya nane, simu ya mmoja wetu ikawaka mfukoni.

Haikulia. Iliwaka tu, mwanga ukapita kwenye kitambaa cha shati kama taa ndani ya turubai. Akaifunika kwa mikono yote miwili, akajikunja juu yake. Ilikuwa kama sekunde moja au mbili. Mzee alisema "Eee!" mara moja tu, akaendelea kupandisha na kushusha. Baadaye tuliona ulikuwa ujumbe wa kutangaza vifurushi vya maongezi.

Tulikuwa tumewakumbusha walinzi, tumewakumbusha majirani, tumewakumbusha watoto. Sisi wenyewe hatukujikumbusha.

Dakika ya 12 mkanda ukaingia kwenye maji safi, kisha kwenye haipo dakika kumi. Halafu mzee akasema: "Washeni."

MATOKEO

Kwanza tuwashukuru majirani. Kuosha haipo kunahitaji maji mengi, na mnajua foleni ya bomba letu ilivyo. Kina mama watatu walileta ndoo zao bila kuombwa.

Mkanda ulining'inizwa kwa vibanio vya nguo, ukakaushwa mpaka asubuhi. Watoto walipouona walishtuka, maana kwenye mkanda kila kitu ni kinyume: anga nyeusi, nywele nyeupe, meno meusi. "Mwalimu, hawa ni mashetani?" Tukawaeleza: penye mwanga mwingi ndipo fedha nyeusi hujaa. Tukaushika mbele ya karatasi nyeupe yenye mwanga nyuma yake, tukaupiga picha kwa simu ile ile iliyotuponza, tukageuza rangi kwa programu. Watu wakatokea.

Hesabu yake ni hii. Katika picha 31, picha 11 ziko wazi. Picha 7 ni kama watu wa kwenye ukungu. Picha 13 hazina kitu. Katika hizo 13, tisa ziliharibiwa na unyevu na miaka. Nne ni nyeusi kote, zimefuatana, nambari 22 mpaka 25. Hizo ni za simu yetu.

Bibi aliketi, tukamwonyesha moja moja. Akajiona mwenyewe kijana, mlangoni, na mtoto mgongoni. Akaona dau limepandishwa ufukweni. Akaona wanawake wawili wenye msiro usoni wanatwanga. Akaona watoto wa madrasa wamejipanga. Tulifika nambari 21, watu wamevaa nguo mpya, akasema: "Hii ni Idi ya mwaka tisini na moja." Nambari 26 nayo ikawa Idi, nguo zile zile.

Akanyamaza. Kisha akauliza: "Za katikati ziko wapi?"

Tukamwambia. Ndipo akatueleza kwamba siku hiyo ya Idi mume wake alimpa shemeji yake kamera, akaja kusimama naye, wakapigwa picha wawili. Ilikuwa mara moja tu. Siku nyingine zote kamera ilikuwa mkononi mwake yeye, basi yeye hayumo.

Ndugu wasomaji, hatukuwa na la kusema. Tuliomba radhi. Bibi aliinuka, akaingia ndani, na siku tatu hakutusemesha.

Siku ya nne akamtuma mjukuu atuite. Alikuwa na picha nambari 9 mkononi, moja ya zile za ukungu. Ni picha ya watoto ufukweni wakati jua linazama nyuma ya mpiga picha. Kwenye mchanga, mbele ya watoto, kuna kivuli cha mtu ameinua viwiko. Hatukuwa tumekiangalia, sisi tulitazama watoto.

"Hii muikuze," akasema. Akawageukia wajukuu, akawaonyesha kile kivuli kwa kidole, kutoka miguuni mpaka kichwani. "Si niliwaambia? Mrefu."

WENGINE WALIOJIKUTA NDANI

Jambo hili halikuishia kwa bibi. Picha zilipobandikwa shuleni kwa ruhusa yake, alikuja kijana mmoja anayebeba maji kwa mkokoteni. Alisimama mbele ya wale wanawake wawili wanaotwanga, akasema aliye kushoto ni mama yake. Mama huyo alifariki kijana akiwa mdogo, na hakuwa na picha yake. Tulimwita mzee wa kijiji chao athibitishe, akathibitisha. Bibi akaamuru atengenezewe nakala yake siku hiyo hiyo.

Mambo kama haya yametokea kwingine. Mwaka 2015 katika Shirika la Utangazaji la Uganda yaligunduliwa makasha ya negativu zipatazo 70,000, nyingi za wakati wa Idi Amin, ambazo watu hawakuwa wamewahi kuziona. Mwaka 2019 baadhi zikaonyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda, Kampala. Na wenzetu wa Maziwa Makuu wanakumbuka: baada ya mauaji ya Rwanda ya 1994, Msalaba Mwekundu na UNICEF walipiga picha za watoto waliopotezana na wazazi, wakazibandika kwenye makambi ili wazazi wazitambue. Picha ndogo ya mtoto ilitosha kuirudisha familia pamoja. Kwa mkimbizi picha si pambo la ukutani tu.

MAMBO YA KUZINGATIA

Huenda nawe unayo kamera ya marehemu, au kibweta cha mkanda kwenye kopo la vifungo. Tafadhali fuata haya:

1. Usifungue mgongo wa kamera. Urudishe mkanda kwenye kibweta kwanza. Kama hujui, tuletee.

2. Kama umefungua kwa bahati mbaya, funga upesi na usikate tamaa. Mkanda uliokazwa hufunikana wenyewe, wa ndani unaweza kupona.

3. Uweke pakavu na penye baridi. Usiuweke chini ya bati wala karibu na jiko.

4. Negativu zilizokwisha kusafishwa usizitupe. Hata picha ikiungua, negativu moja inatoa nakala nyingine.

5. Uliza mwenyewe kabla ya kufanya lolote. Mkanda ni amana. Ndani yake mnaweza kuwa na jambo ambalo familia haitaki lionekane, au haliko tayari kuonekana.

6. Usirushe picha za watu kwenye WhatsApp bila ruhusa. Wengine wetu bado wana sababu za kutotaka kujulikana walipo.

7. Anayeingia kwenye chumba cha giza aache simu nje. Hili tumelipa bei kubwa kulijua.

MWITO KWA FAMILIA ZOTE

Picha 11 zilizo wazi, na zile 7 za ukungu, zitakuwa ukutani shuleni kila Jumamosi mwezi huu wote, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita. Zimepigwa vijiji vya ghuba ya Tungue mwaka 1991. Wenyeji wa Palma, Olumbe, Kionga, Maganja na kwingineko, njooni mtazame. Wapo watoto wanane wa madrasa ambao bibi hawakumbuki wote. Leo watakuwa watu wa miaka arobaini na kitu. Pengine ni wewe. Pengine ni baba yako.

Wazee waletwe hata kwa mkokoteni. Kijana wa maji ameahidi kuwabeba bure.

Kamera yenyewe tumemrudishia bibi. Mzee wetu aliisafisha, akaona bado inafanya kazi, ila mkanda mpya hatuna. Bibi amesema ukipatikana, tumpigie na wajukuu wake wote, na safari hii anayepiga ahakikishe naye anaingia.

Tukutane mwezi ujao, Inshallah.

Walimu wa kujitolea